Santuri ya Sinema Ambayo Haikupigwa

Kabla hujaanza kutikisa kichwa, jua kwamba mimi si mtu wa kuamini mambo ovyo. Mtu akiniambia ameona jini, namuuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Hata mchungaji wetu hulalamika kwamba nauliza maswali mengi kuliko yaliyo kwenye katekisimu. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mjini Maua, mchana, miaka ya tisini. Kama huniamini, nenda ukamtazame mdogo wangu anavyotembea.

Siku hizo nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko la miraa. Mtu aliniletea kaseti tupu, akanitajia nyimbo, nami nikamjazia. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva wa pikapu za miraa, wale wanaokimbiza mzigo hadi Nairobi majani yakiwa bado mabichi. Bila muziki hawaendi popote. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu Mutwiri. Tulibaki wawili tu baada ya wazazi wetu kufariki, na ni mimi niliyemlea. Kila alipoondoka na ile pikapu nilimwombea, maana unajua jinsi wale watu wanavyoendesha.

Sasa nikuambie siri ya kazi yetu. Mtu akituletea muziki tusio nao, hatukumrekodia yeye peke yake. Chini ya meza, nyuma ya pazia, kulikuwa na mashine ya pili iliyomeza nyimbo zilezile bila yeye kujua. Nakala hiyo tuliiita masta, na masta haikutoka kibandani. Mteja mwingine akiutaka muziki huo, tulimtolea nakala kutoka kwenye masta. Tulifanya hivyo wote, kuanzia Maua hadi Embu, na hakuna aliyeona ni wizi.

Basi, asubuhi moja ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Nyambene hadi sokoni, na manyunyu hayakatiki. Akaingia mwanamume wa makamo, koti refu jeusi, santuri kwapani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni lile koti. Lilikuwa kavu. Nikajiambia labda ameshuka kwenye gari. Lakini gari liko wapi? Nilichungulia nje nikaona punda na mkokoteni wake tu.

Alinisalimu kwa Kimeru, Kimeru safi cha wazee, ambacho mtu wa umri wake hakuwa nacho. Kisha akageukia Kiswahili.

"Nataka uniwekee hii kwenye kanda. Nakala moja tu. Ya pili sitaki iwepo."

Hapo nikamshuku. Nilidhani ni askari kanzu, wale waliokuwa wakitufuata kwa sababu ya kunakili nyimbo za watu. Nikaigeuza ile santuri mikononi. Jalada lilikuwa la rangi ya bluu iliyokoza, halina picha wala jina.

"Ni muziki gani huu?" nikamuuliza.

"Wa sinema."

"Sinema gani?"

"Haijapigwa. Aliyeutengeneza alipenda sana sinema, akaketi na vinanda vyake vya umeme akatunga muziki wa sinema ambayo haipo. Anayesikiliza ndiye anayeipiga."

Nikamwona mwongo aliyesoma. Nikaweka santuri kwenye mashine, na kwa mguu, nikijifanya nanyoosha goti, nikawasha ile ya chini ya meza.

Muziki ule haukuwa na mwimbaji, gitaa wala ngoma. Ulianza kwa mngurumo wa chini sana, mpaka nikaweka mkono mezani nione kama inatetemeka. Halafu kinanda kikaingia polepole, kikifuatwa na upepo, na hatua za mtu anayetembea kwenye changarawe. Nikaona barabara. Sikuota, niamini. Macho yalikuwa wazi na nilikuwa namwona yule mtu kwenye benchi, lakini barabara niliiona pia, lami iliyolowa, inateremka kuelekea kwenye kona.

Yeye alikuwa ametulia tuli, akiniuliza vitu vidogo vidogo. Nina ndugu? Anafanya kazi gani? Anapita njia ipi? Nilimjibu kwa mkato, maana nilijua askari huanza hivyo. Mwisho akaniuliza kama na mimi nimejiwekea nakala. Nikamkazia macho nikamwambia, "Mimi? Kamwe."

Akachukua kanda yake na santuri yake, akaenda zake. Nilikagua kama kuna kitu changu kimepotea. Hakuna kilichokuwa kimepotea, na hilo nalo likanipa shaka.

Saa sita kasoro Mutwiri akaja mbio. Pikapu ilikuwa imeshapakiwa, na mwenye mzigo, mzee mmoja aitwaye Kaimenyi, alikuwa ameketi mbele akipiga honi.

"Siste, nipatie kitu mpya! Hizo zingine nimezisikia mpaka zinaniota."

Ni mimi niliyempa. Nilitaka kujigamba kwamba nina muziki ambao hakuna mwingine Maua mzima anao. Nikaiweka masta kwenye mdomo mmoja wa mashine ya mezani na kaseti tupu kwenye mdomo wa pili, nikanakili kwa ule mwendo wa haraka. Kwa mwendo huo nyimbo hulia kama vifaranga, kwa hiyo sauti huwa naifunga. Sikusikia chochote. Nikavunja vile vijino vya nyuma vya kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya, nikampa. Akaondoka.

Nikajimiminia chai, nikaweka masta niisikilize vizuri.

Muziki ulikuwa uleule. Halafu nikasikia mtu anakohoa. Nilikuwa mimi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ninaye mmoja." Kimya. "Dereva." Kimya. "Ya Kianjai, kwani kuna nyingine?" Kimya. "Mimi? Kamwe."

Sikia vizuri hapa. Santuri ilikuwa imeunganishwa na mashine kwa waya. Kibanda kile hakikuwa na maikrofoni hata moja. Sauti yangu ilifikaje mle ndani? Na maswali ya yule mtu yalikuwa wapi? Nilijisikia nikimjibu mtu ambaye hayupo, nikamdanganya.

Chai ikanimwagikia kwenye sketi. Nikageuza kanda upande wa pili, nikaikimbiza mbele, nasikiliza hapa, nasikiliza pale. Dakika chache baada ya upande kuanza, katikati ya upepo na kinanda, nikajisikia tena. Nilikuwa nalia. Nilikuwa naita, "Mutwiri! Mutwiri!" kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe.

Wewe ungefanya nini? Simu za mkononi hazikuwepo. Pikapu ilikuwa imeshaondoka, na hakuna gari la kuikamata pikapu ya miraa. Upande wa kwanza ulikuwa wa dakika thelathini, na Mutwiri kwa mwendo wake angekuwa karibu na Kianjai wakati wa kugeuza kanda. Nilibaki na mashine tu, na kazi yangu ilikuwa mashine. Nikajiambia: hili jambo limo ndani ya kanda, basi nilifute ndani ya kanda. Nikachukua kaseti ya kwaya ya kanisa letu, nikairudisha masta mpaka kabla tu ya ile sauti, nikabonyeza kurekodi. Kwaya ikaimba juu ya kilio changu mpaka kikaisha. Nilisikiliza tena mara mbili. Kilio hakikuwepo. Nikapiga magoti hapo hapo sakafuni nikamshukuru Mungu.

Haikupita saa moja, pikapu iliyokuwa ikirudi ikasimama mlangoni. Dereva hakuzima hata injini. Aliniambia tu, "Panda."

Ilikuwa kona ya kabla ya Kianjai. Lami ilikuwa imelowa na inateremka. Pikapu ilikuwa imelala mtaroni na mabunda ya miraa yamezagaa hadi kwenye mahindi ya watu. Nikaona miguu ya Mutwiri, nikapaza sauti. Na nilipopaza, nikaitambua. Ilikuwa ni ileile niliyoifuta.

Hakufa. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya na nyonga ikaharibika, na hajaendesha gari tena. Kaimenyi alitoka na mkwaruzo tu, na ndiye aliyenisimulia pale hospitalini.

"Ile muziki yako mimi sikuipenda, ilinionyesha vitu," alisema. "Lakini huyu ilimshika. Akanyamaza, akaanza kwenda polepole. Mimi nimesafiri na yeye miaka mitatu, sijawahi kumwona akienda polepole. Nikasema leo tutafika. Tumegeuza kanda, tumeenda kidogo, mara kwaya ikaingia, puu! Akacheka, akasema, 'Huyu siste wangu!' Akainama airudishe nyuma. Ni hapo tu, mama. Alikuwa ameinama."

Niliuliza mara nne kama ana hakika ilikuwa kwaya. Aliniimbia ubeti.

Kanda ya Mutwiri niliitoa kwenye redio ya lile gari kwa mikono yangu. Vijino vya nyuma vilikuwa vimevunjwa, vile nilivyovivunja mimi. Ilitoka kibandani kabla sijarekodi kwaya juu ya masta. Na kwaya ilikuwemo. Nimezungumza na mafundi, nikawaeleza bila kutaja majina. Wote wananitazama kwa huruma.

Linalonisumbua sana ni lile la kwenda polepole. Ile sauti niliyoifuta, ilikuwa ya kumlilia au ya kumsimamisha? Kama angesikia dada yake anamwita, si angekanyaga breki? Huwa najiuliza hivyo nikichota maji, nikiwa kanisani, nikikamua ng'ombe. Nilichoma masta na mwaka huohuo nikafunga kibanda.

Yule mtu sikumwona tena. Lakini mwenzangu mmoja aliyekuwa akirekodi kanda Embu aliniambia, nikiwa sijamweleza lolote, kwamba aliwahi kuletewa santuri ya bluu na mtu ambaye mvua haikumlowesha. Nilimuuliza alifanya nini. Akabadilisha mazungumzo, na mpaka leo ananikwepa.

Siku hizi kila mtu anatembea na mashine ya kurekodi mfukoni, kwa hiyo nakuonya. Akikujia mtu wa namna hiyo na muziki usio na maneno, mwambie umefunga. Ukiwa umeshausikia, usijaribu kuurekebisha. Acha kila kitu, utoke mbio umfuate mtu wako kwa miguu, hata kama unajua hutamfikia.

Mutwiri sasa anafuga kuku huko Ruiri, ana mke na watoto, na ni mcheshi kama zamani. Kila Krismasi, tukishakula, ananyoosha ule mguu na kunitania mbele ya watoto wake: "Siste, hebu tuambie, ile kwaya uliiweka pale katikati, ya nini?" Namjibu kwamba mashine ilikuwa mbovu. Wote wanacheka, nami nacheka. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa namwokoa.