Ukuta wa Anastasie Haukukauka

Pasaka ya mwaka 1956, Anastasie alipaka nyumba yake mara tano. Sisi wanawake wengine wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, tulipaka mara moja, tukajisifu, tukaenda kuoga. Yeye alipaka kila asubuhi, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Mimi Florentine, ambaye nyumba yangu na yake zilitenganishwa na mstari wa migomba tu, nasema hivi: wiki ile hakuna mtu katika mtaa wetu aliyekuwa na akili kuliko yeye.

Mumewe, Fabien, alikuwa baharia wa mashua iliyopeleka chumvi kijiji cha Swima na kurudi na samaki wakavu. Wiki ya pili ya Kwaresima upepo uliipindua mashua ile upande wa rasi ya Ubwari. Mabaharia wawili waliogelea wakafika nchi kavu. Ziwa lilirudisha makasia na gunia moja, lakini Fabien halikumrudisha. Tulimtafuta siku tisa.

Ukoo wa Fabien ulikutana, na aliyeongea zaidi ni Henri, kaka yake mkubwa. Henri alikuwa karani kwenye ghala la pamba, mtu wa kofia na leso, mwenye wake wawili waliokuwa hawasalimiani. Kwa desturi yao, siku kilio kinapoanzwa, mrithi anatandika mkeka wake ndani ya nyumba ya marehemu. Matanga yakiisha, mjane, watoto na nyumba ni mali yake. Henri alishaanza kuitazama nyumba ya Anastasie kama mtu anayetazama koti atakalovaa kesho.

Lakini ukoo ule una mwiko mmoja. Kilio hakianzwi katika nyumba yenye ukuta mbichi, kwa sababu ukuta uliopakwa upya ni furaha, na furaha na msiba havilali chumba kimoja. Anayepima ni mama wa marehemu, si mwingine. Anabandika kiganja ukutani. Kikitoka safi, anachota majivu, anayapaka ukutani kwa mkono wake, na kilio kinaanza. Kikitoka cheupe, watu wote wanarudi makwao.

Katekista alikataza matanga katika Juma Kuu. Basi wakapanga Jumatatu ya Pasaka.

Jumatano Anastasie alishuka mtoni Mutambala na kikapu, akarudi na udongo mweupe. Hakuna aliyeshangaa, maana kila mke Mkatoliki alikuwa akifanya hivyo. Aliupondaponda, akauchuja kwa kitambaa, akapaka kuta, nje na ndani, kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Chini kabisa alizungusha mkanda mweusi wa mkaa uliosagwa, na juu yake mkanda mwekundu wa udongo wa kichuguu. Kwa kidole akachora matawi. Kisha akachambua maganda makavu ya mahindi, akayachemsha na magome ya mti mpaka yakawa mekundu, akayakunja moja moja kuwa maua na kuyafunga kwa nyuzi za mgomba. Akayapanga juu ya mlango pamoja na tawi lake la mitende la Jumapili iliyopita. Maganda ya mayai aliyatunga kwenye uzi, akayaning'iniza dirishani. Masista walikuwa wametufundisha kuyapaka rangi mayai mazima; sisi tuliona afadhali kula yai na kupamba kwa ganda. Hakutumia hata senti moja, na nyumba ikang'aa kuliko ya mwalimu.

Alhamisi akapaka tena. Mchana binti yake, Dorothée, alikuja kwangu kuomba moto, nikaona mgongo wake umejaa vumbi jeupe. Alikuwa ameegemea ukuta tu. Nikamfuata mama yake.

"Anastasie, unasahau muhogo?"

Kila mpakaji wa kwetu anajua: udongo mweupe unachanganywa na maji ya muhogo yaliyopikwa yakawa mazito kidogo, ndipo ushike. Usipotia muhogo, ukuta utakauka machoni, lakini utaendelea kutoa unga kwa kila anayeugusa, mwezi huu na mwezi ujao.

"Sikusahau," alisema.

Nilikalia kinu. Nilielewa kila kitu mara moja, nikageuka kutazama nyuma kama vile mwizi ni mimi. Kupaka kila siku kulikuwa kwa ajili ya macho ya watu, waone ukuta umelowa na wasiulize. Kilichomlinda hasa ni muhogo ambao hakuutia.

"Fabien alikufa, Florentine. Mi najua," alisema huku akiendelea kupaka. "Lakini nikimulilia leo, kesho niko bibi ya Henri. Batoto bangu batalala kwa ule mutu."

"Na mama Suzanne akijua?"

Alichovya tena mkono kwenye udongo. Mama Suzanne alikuwa mama mkwe wake, ndiye mwenye kiganja cha kupima.

Ijumaa Kuu, tuliporudi kutoka kwenye Njia ya Msalaba, Henri alipita. Hakukaribishwa, na hakungoja kukaribishwa. Aliuweka mkono wake ukutani, akautoa mweupe, akaufuta kwa leso, kidole kwa kidole.

"Shemeji, unapenda sana Pasaka mwaka huu."

"Yesu anafufuka, kaka. Tufurahi."

"Jumatatu mama atakuya kugusa. Nitaangalia mi mwenyewe." Akavaa kofia. "Na huu udongo, iko siku utakwisha."

Hakuwa akisema ovyo. Jumamosi nilipofika Mutambala nilikuta vijana wawili wa ukoo wao wamekaa palipochimbwa udongo, wakicheza kete. Walinisalimu vizuri sana. Waliniambia yeyote anaweza kuchota, isipokuwa kwa nyumba ya Fabien. Nilidanganya kwamba ni kwa jiko langu, wakaniruhusu nusu ya kikapu. Nilirudi nikiwalaani mpaka kizazi cha saba. Nusu kikapu ilitosha Jumamosi na Jumapili. Kwa Jumatatu hapakuwa na kitu.

Siku ya Pasaka yenyewe wanawake walitoka misani wakapita kwake kutazama. Waliulizana maua yale mekundu yametengenezwaje, na wawili wakaomba wafundishwe. Anastasie aliwaonyesha jinsi ya kukunja ganda, akicheka panapotakiwa kucheka. Mimi nilikuwa nikitazama mbingu. Kwa mwezi mzima mvua ilikuwa imetutesa, na siku hiyo, kwa ukaidi wake, hakuna hata wingu.

Jumatatu jua lilichoma tangu asubuhi. Ukuta ulikauka mweupe kabisa, bila doa la unyevu. Saa tisa walikuja, watu kama ishirini, Henri mbele, na kijana nyuma yake amebeba mkeka uliokunjwa. Mama Suzanne alikuja wa mwisho, peke yake. Alikuwa amekonda. Nywele hazikuwa zimekatwa wala kusukwa tangu habari ya mashua. Watu walimpisha.

Alibandika kiganja. Alipokitoa, kilikuwa cheupe.

"Haiwezekane," Henri alisema. "Jua inapiga tangu asubui."

Mama Suzanne hakumtazama. Alisugua kidole gumba kwenye vingine, polepole, unga ukadondoka mchangani. Alikuwa amepaka kuta miaka arobaini. Nilimwona Anastasie ameshika mwimo wa mlango.

"Mungoje hapa," mama Suzanne aliwaambia watu. Akaingia ndani na Anastasie. Mimi sikuitwa, lakini niliingia.

"Ni mi nilikufundisha kupaka," mama Suzanne alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza kabisa nilikuambia, maji ya muhogo."

"Ndiyo, mama."

"Uliiacha kwa kusudi."

"Ndiyo, mama. Sitaki Henri."

Nilingoja apige kelele. Alikaa chini, akanyoosha miguu yake.

"Henri ni mutoto yangu, namujua vizuri. Mi naweza kutoka pale inje na kusema ukuta iko mubichi. Leo, na juma ingine, na mwezi ingine. Kudanganya najua." Alivuta pumzi. "Lakini, Mama Dorothée, Fabien nitamulilia wapi? Kwangu inakatazwa, ni mu nyumba yake tu. Kila siku nakuya mpaka pale kwa migomba, naona maua yako, narudia. Kilio iko hapa." Akajigusa kifuani. "Haishuke, haipande. Sikulazimishe. Neno ya mwisho, we njo utasema."

Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Sisi hata kovu lake hatukuliona. Wiki nzima tulihesabu vikapu vya udongo na kumwogopa Henri, na hatukukumbuka hata mara moja kwamba aliyezama alikuwa mtoto wa mtu. Niliona aibu. Niliona pia hasira, maana nilijua Anastasie atafanya nini, na nilitaka kumziba mdomo.

Nje, Henri alikohoa. "Mama, batu banangoja."

Anastasie alichukua kigoda. Kisha akatoka mlangoni, akakipanda, na mbele ya wote akakata nyuzi za maua mekundu. Yakaanguka. Akatoa uzi wa maganda ya mayai dirishani. Akaenda jikoni, akarudi na majivu kwenye kibuyu kilichokatwa, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Ukuta inakauka, mama. Ulie."

Mama Suzanne alipaka majivu juu ya yale matawi yaliyochorwa kwa kidole upande wa ndani. Alipaka mara moja tu, na sauti ikamtoka. Nimesikia vilio vingi katika maisha yangu, na kile sikitaki tena masikioni. Anastasie alimshika kiunoni, wakalia pamoja, na mimi nikalia, na wanawake wa nje wakaingia wakiwa wamefungua vitambaa vya vichwa. Ndiyo mara ya kwanza Anastasie kumlilia mumewe.

Jua lilipolegea, Henri aliingia, kofia mkononi, akampa kijana ishara. Kijana akaufungua mkeka.

"Ngoja," mama Suzanne alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Alivua kitenge chake cha juu, akakitandika kwenye mlango wa chumba cha kulala, kutoka mwimo mpaka mwimo, akaketi katikati.

"Mama, matanga ikiisha nitakurudisha kwako na kinga," Henri alisema, akionyesha baiskeli yake nje.

"Kinga peleka kwa bibi zako bawili. Mi sirudie."

"Utalala hapa?"

"Ndiyo."

"Mpaka siku gani?"

"Mpaka munizike."

Hakuna mwanamume wa kwetu anayeingia kwa mke katika nyumba ambamo mama yake analala. Hilo halihitaji baraza, hata mtoto analijua. Wazee wa ukoo walitazama sakafu. Henri alimtazama mama yake, akawatazama wazee, akangoja mmoja wao aseme neno, na hakuna aliyesema. Mwishowe akainama, akaukunja mkeka yeye mwenyewe, kwa maana kijana alikuwa ameshatoka nje.

Anastasie alibaki amesimama na majivu mikononi, hajui aende wapi.

"Keti, mwana wangu," mama Suzanne alimwambia. "Na ambia batoto bapunguze makelele. Nimechoka, nataka kulala."