Sauti ya Baba Haisomeki

Mama aliniita nyumbani Longonot kwa sababu moja: alikuwa ameanza kusahau sauti ya baba. Alinieleza kwa simu bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Sura yake naiona," alisema. "Lakini nikitaka kumsikia, sisikii kitu."

Baba alikufa akiwa na mulika mwizi mfukoni, simu isiyojua kurekodi hata kikohozi. Alirekodiwa mara moja tu maishani, kwenye harusi ya dada yangu. Aliombwa atoe baraka, akashika maikrofoni, akakataa kuirudisha. Mtu wa video alituletea DVD moja, na hakuna aliyefikiria kutoa nakala. Stima ilipounguza mashine ya mama ya kuchezea DVD, alikifunga kwa leso kile kifuniko chenye picha ya bibi harusi, na diski ndani, akakilaza chini ya godoro miaka yote hiyo.

Nilitoka Karagita ninakoishi na laptopu yangu kuukuu yenye mfumo wa Linux, ule wa kuandikia amri. Haina mahali pa kutia diski, kwa hivyo nilibeba pia kisanduku cha kusomea, kile cha kuchomeka kwa USB. Nikatia diski bila hata kuiangalia. Ikazunguka, ikalia kra-kra, ikanyamaza. Kwenye skrini hapakutokea kitu.

"Imekataa?" mama aliuliza.

"Ngoja tu, mama."

Linux ni kama soja wa geti, hafungui mpaka useme unaenda kwa nani. Niliandika amri ya kufungua diski, ikasema sina ruhusa. Sina ruhusa, na mashine ni yangu! Nikaandika tena nikiwa mwenye mamlaka yote, nikatia neno siri. Sasa ikasema hakuna diski ndani. Ala! Nilitukana kimoyomoyo, maana mama ni mtu wa kanisa. Kumbe kisanduku kilikuwa kinakosa nguvu. Nikachomeka waya wake wa pili, nikarudia amri, folda ikafunguka. Mama akavuta stuli karibu na kutengeneza kitambaa chake kichwani.

Ikaimba kwaya.

Watu wenye sare za manjano, wakiyumba mbele ya bustani ya maua ya watu. Nikaruka mbele, kwaya. Nikaenda mwisho kabisa, kwaya.

"Hii si harusi, mama."

Alikuwa anaangalia dirishani, kule kwenye mtama. "Woi," akasema polepole. "Woi, Ngai, Mungu wangu."

Mashine yake ilipoungua, diski nyingine zote za nyumbani alikuwa amezitundika shambani kwa kamba, zimeremete ziogopeshe ndege. Kila mtu huku hufanya hivyo, na mimi mwenyewe nilipita katikati yazo nikija, nikazisifu. Siku moja mtu alirudisha diski kwenye kifuniko kisicho chake, basi. Kwaya ikalala chini ya godoro, na baba akaenda kulinda mtama.

Tulimpata mstari wa tatu. Jina la dada yangu, kwa mwandiko wa mtu wa video, lilikuwa bado linasomeka kidogo. Lakini jua lilikuwa limekula ule upande wa kung'aa. Nilipoinua diski niliona mkono wa mama kupitia kwayo.

Niliiosha kwa sabuni ya sahani, nikaipangusa kwa shati. Nikaitia. Hakuna diski. Nikaitoa, nikaitia. Hakuna diski. Niliandika ile amri mpaka vidole vikachoka, nikaipiga meza ngumi, na mama hakuniambia niache. Safari hii mashine ilikuwa inasema kweli.

Nilifunga laptopu. Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Basi ongea wewe."

"Niseme nini?"

"Zile baraka. Ziseme vile alivyosema. Kidogo tu, nishike njia, halafu nitamalizia mwenyewe."

Akafumba macho, akaweka mikono magotini, akangoja. Maneno ya baba nayajua yote, hata pale alipotania wakwe watu wakacheka. Nikasafisha koo. Nikajaribu kumsikia kwanza, ili nimfuate. Nikatafuta, nikatafuta, na ndani yangu hapakuwa na sauti yoyote, kwa sababu tangu tumzike nilikuwa nimejiambia nisihangaike kukumbuka, iko kwenye diski.

Mama alikuwa bado amefumba macho.