Chupa ya Fundi Saa

Muuza bia ya bomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu, aliijua vizuri sana sheria ya bia ya kubeba nyumbani: chupa ijazwe mteja akiwa amesimama mbele ya kaunta, ifungwe kwa muhuri, ibandikwe tarehe. Kujaza mapema ni marufuku. Alishapewa onyo moja, na la pili halikuwa onyo tena, ni kunyang'anywa leseni.

Lakini kwa mzee fundi saa aliivunja kila siku, na moyo haukumsuta hata kidogo. Miguu ya mzee ilikuwa imekwisha. Kusimama kungoja povu litulie kulimtoa jasho, na kiti alikikataa, mbishi yule. Basi chupa mbili zikawa zinapokezana: analeta tupu, anaondoka na iliyojaa. Saa kumi kamili, miaka yote hiyo.

Mkaguzi aliingia saa kumi kasorobo. Akaikuta chupa juu ya kaunta, imejaa, mteja hayupo.

"Ya nani hii, mama?"

"Ya fundi saa. Saa kumi yuko hapa, hachelewi. Msubiri tu, mwanangu."

"Akija, nitaandika kwamba nilimkuta. Asipokuja, mama yangu, usinilaumu."

Wakakaa, macho mlangoni. Saa kumi ikafika, ikapita. Mama Povu akatania kwamba leo saa ya fundi imemgomea mwenyewe. Saa kumi na nusu hakuwa na utani tena.

Aliyefungua mlango alikuwa mkwe wa mzee, macho yamemvimba, mkononi chupa tupu iliyooshwa ikang'aa.

"Shikamoo, mama. Baba ametutoka asubuhi. Nimekurudishia chupa yako, hakupenda kukaa na kitu cha mtu."

Mkaguzi akavua kofia, akatoa pole. Kisha akaandika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Akataka bia imwagwe mbele yake, na Mama Povu akaimwaga kwenye sinki taratibu, akilia bila kujificha.

Kesho yake bomba lilikuwa limefungwa kwa waya na muhuri wa serikali. Ilipokaribia saa kumi alichukua chupa, akaikinga chini ya bomba, akavuta mpini. Haukusogea. Akakivuta kile kiti alichokikataa mzee, akakaa.