Herufi Ndogo Ubaoni

Mimi si mtu wa mikutano. Nimeizoea nyumba yangu hapa Khayega hivi kwamba nikionekana sokoni mara mbili kwa wiki, jirani ananiuliza kama kuna msiba. Lakini siku hiyo wazazi walikutana darasani, shuleni kwa binti yangu, kupanga jinsi tableti zitakavyotumika, na yeye ana macho mabovu. Kitabu anakisoma kimegusa pua. Kwenye tableti mwalimu alimkuzia herufi, akasoma ukurasa mzima bila kubahatisha.

Mwenyekiti akasoma mpango: tableti zifungiwe kabatini, zitoke Ijumaa pekee.

"Zisivunjwe," akasema. "Kuna swali? Tuharakishe, mvua inakuja."

Nikainuka.

"Hee, mama!" jirani yangu akacheka. "Wewe hutokanga nyumbani. Leo nani amekufukuza?"

"Mwenyekiti, binti yangu anaihitaji kila..."

Mvua ikaangukia mabati. Nilipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka, lakini nilionekana tu kama samaki anayetafuta maji. Mwenyekiti akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akainua mkono kuwaonyesha wapige kura. Mikono ikaanza kupanda.

Sijui nani alinipa miguu. Nilijikuta mbele na chaki, naandika herufi ndogo kama mayai ya chawa. Hata nikiandika kubwa hati yangu husomeka kwa shida. Nilimaliza kidato cha nne walimu wakiilalamikia.

Mikono ikashuka. Watu wakainama mbele, wakakunja macho. Jirani yangu akanijia, akanipigia kelele sikioni:

"Andika kubwa, dada! Tutasoma nini hapo?"

Sikuandika kubwa. Nilimngoja mwenyekiti. Alinikazia macho ya mtu aliyekuta ng'ombe kwenye mahindi yake, kisha akasogea, pua karibu iguse ubao. Midomo yake ikafuata neno kwa neno: Binti yangu anaona ubao hivi, kila siku.

Halafu akanipokonya chaki mkononi. Nikajua nimefukuzwa.

Akaandika: TABLETI KWA MTOTO HUYU, KILA SOMO. Chini yake: LAKINI ISITOKE DARASANI.

Akageukia watu, akainua mkono wake kwanza. Mikono ikapanda tena, safu kwa safu. Jirani yangu aliinua yote miwili, mnafiki yule. Mimi sikuinua wangu. Nilikuwa nimeushika ubao nisianguke.