Bega Lililomkosesha Shemeji Uenyekiti

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Ng'ambo. Darwesh Khalil amesimama uso ukutani, vidole vya mkono wake wa kulia vinatambaa juu ya chokaa kama kaa. Vikifika usawa wa sikio, vinagoma.

"Jana viliishia kidevuni," anasema, jasho likimtiririka.

Darwesh, 54, amepika halua kwa miaka ishirini na tisa. Sufuria moja hutaka saa tatu za kukoroga bila kupumzika, la sivyo inashika chini. Mwaka juzi bega likaanza kulia kama bawaba kavu. Alilipaka mafuta ya karafuu, akaendelea, mpaka mkono ukawa haupandi kupita kifua.

Hapo ndipo yalipomkuta. Kificho, kaka wa mkewe, aligombea uenyekiti wa klabu ya mpira ya mtaani. Kura zilikuwa za kuinua mikono. Kificho akapata kumi na mbili, mpinzani wake kumi na mbili pia; ikarushwa shilingi, Kificho akashindwa. Watu wote walimwona Darwesh, mstari wa mbele, katulia tuli.

"Miezi minne hakunijibu salamu," anakumbuka. "Nikimwambia bega, ananambia, 'Bega gani? Mbona mwiko waushika?'"

Kisha wakaja watafiti wa maradhi ya mabega. Mmoja wao, Dk. Radhiya, alimpima: mkono ulipanda digrii sitini tu. Picha ikaonyesha gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, limelika.

Darwesh akaichukua karatasi ya vipimo mbio hadi barazani kwa Kificho. Shemeji akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Basi kwa nini hukuinua wa kushoto?"

"Nlikuwa nimeshika kahawa."

Kificho alicheka mpaka akapaliwa. Mchana ule walikula sinia moja.

"Mazoezi yataupandisha mkono," anasema Dk. Radhiya, "lakini gegedu lililolika halirudi. Kukoroga aache."

Sasa anayekoroga ni mkewe, Tamima. Wateja wameongezeka, jambo ambalo Darwesh hapendi kulizungumzia. Yeye kazi yake ni kuonja.

"Aonja sana," anasema Tamima.

Lakini Darwesh ana mpango. Ameshamwendea seremala amchongee mwiko mrefu utakaoning'inia darini kwa kamba, usukumwe kwa mwili mzima badala ya bega.

"Huo si wangu, wa Tamima," anasema, akiurudisha mkono ukutani. "Ukuta huu haututoshi wawili."