Mukwe na Dale ya Mama

Kipande cha zege kilipodondokea kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mama alilaumu panya. Nikamuuliza: panya gani huyo wa kubeba jiwe? Akaniambia nifunge mdomo, nile.

Juu ya jiko lake kulikuwa na dale, paa bapa la zege. Marehemu baba alilimwaga kwa kokoto za volkano, zile nyepesi zenye matundu, lisilemee kuta. Mama hakukubali kupikia kwingine. "Ni kivuli ya bwana wangu," alisema, na makala yakawaka mu mbabula yake, jiko la makaa, kutwa nzima.

Niliogopa itamwangukia. Nikamwita mume wa dada yangu, mjenzi wa pale Kimanga. Balaa moja tu: kwetu mukwe haongei na mama wa mke wake uso kwa uso, na kumgusa ndiyo usiseme. Basi akasimama kumpa mama mgongo, akaongea na ukuta.

"Shemeji, umuambie Mama: hewa ya makala inaingia mu beto, hii zege, polepole, miaka na miaka. Beto inapoteza nguvu ya kulinda vyuma. Vyuma vinashika kutu, vinavimba, vinaisukuma beto ianguke."

"Mama, anasema..."

"Miye si kiziwi! Umuambie mukwe wangu: tangu lini hewa iko na meno?"

Shingo yangu ilizunguka kama feni.

Akabomoa pembeni, akapuliza dawa fulani. Ndani kabisa pakageuka waridi; huku nje, mpaka kwenye vyuma, hapakubadilika kitu. "Penye rangi tu ndipo pazima," akauambia ukuta. Mama akapiga vigelegele: "Ona vile iko mzuri!" Akainama chini ya dale kuchochea moto.

Dale ikalia kraa! Mukwe akasahau heshima yote, akamkamata mama kiuno, akamvuta nje. Bonge likaiponda mbabula.

Walikuwa bado wameshikana. Ayayaya! Mukwe akamwachia, akatoka mbio, akarukia pikipiki ya kwanza iliyopita.

Kesho yake mama alihamisha jiko nyuma ya nyumba. "Beto haina shida," aliwaambia majirani. "Lakini pale mukwe alinishika kiuno. Nitapikia aje pale?"

Dale tuliibomoa akiwa sokoni. Jioni akanipa sahani ya kwanza, samaki wa mukeke mzima juu ya bugali.

"Umupelekee mukwe. Umuambie..." Akaifunika sahani kwa kitambaa. "Hapana. Usimuambie kitu. Akule tu, ingali moto."