Mama Samweli Alipopanda Jukwaani

Ukitaka kumjua Mama Samweli, usimwulize habari za ng'ombe wala za mahindi. Mwulize filamu aliyoiona jana. Atavuta kigoda, atafyonza meno kidogo, kisha ataanza na kosa la kwanza alilofanya mwigizaji, na wewe utakuwa umeshachelewa kupika.

Jina lake Paulina. Yeye na mume wake Shigela walihamia huku Mikumi na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, wakati ule mimi nambeba binti yangu Upendo mgongoni. Asubuhi anauza maziwa karibu na stendi. Maziwa yakiisha anakwenda kwenye kibanda umiza cha Onesphory, pale tunapotazama filamu kwa kiingilio, anakaa benchi la mbele upande wa ukutani, na hapo ndipo kazi yake ya kweli inapoanza.

Benchi lile halina jina lakini lina mwenyewe. Siku moja dereva wa lori, mgeni, alikalia nafasi yake. Onesphory akamwomba asogee. Dereva akauliza kwani limenunuliwa.

"Halijanunuliwa, kaka," Onesphory akamjibu. "Ila ukikaa hapo atakaa nyuma yako, na filamu yote utaisikia sikioni."

Dereva akahama mwenyewe.

Sasa filamu za kiangazi. Kibanda kile kimeezekwa bati na hakina dari. Masika mvua ikianza husikii kitu, kwa hiyo masika zinaonyeshwa za ngumi, maana ngumi haihitaji kusikika. Kiangazi, mvua zikishakatika na watu wakishavuna, ndipo zinaletwa filamu za maneno: ndugu wanaogombea shamba, mke na mume, mama wakwe. Huo ndio utaratibu, na Mama Samweli anaulinda kama mtu anavyolinda mpaka wa shamba lake. Mwaka huu, katikati ya kiangazi, Onesphory alileta filamu ya magari yanayolipuka, akabandika picha mlangoni na kujisifu kwamba hata Dar ndiyo kwanza imefika. Mama Samweli alitazama mpaka mwisho. Alipotoka alisimama mlangoni.

"Onesphory, mwanangu."

"Naam, mama."

"Hii uliyotuletea ni ya masika."

"Mama, hii ndiyo dunia nzima inatazama kiangazi hiki."

"Dunia nzima ina dari. Na hayo magari yaliyoungua, hayana wenyewe?"

"Ni filamu tu, mama."

"Najua ni filamu. Nauliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza gari lake liko wapi. Mimi ndama wangu akipotea nusu siku, Mikumi yote inajua."

Onesphory akageukia picha yake mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yao, nasikia yote.

Ana mengine mengi. Hapendi watu wa kwenye filamu wanavyokula. Anasema mtu anapika, anapakua, anakula vijiko viwili, simu inaita, anaondoka, na hakuna anayefunika sahani. Hampendi yule kijana anayeweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Wachina, kwa sababu anamfanya mzee mwenye ndevu nyeupe aongee kama kuli wa Kariakoo. Lakini kitu asichokipenda kuliko vyote ni kilio. Kwake yeye, machozi yasiyo na kamasi ni maji ya bomba. Msichana akilia kwenye filamu, Mama Samweli huinama mbele kumchungulia pua, kisha hurudi nyuma na kutangaza, "Kavu."

Mtaniuliza mimi nilikuwa nafuata nini kibandani, maana filamu si kitu changu na elimu yangu iliishia darasa la saba, hata yale maandishi ya chini yananikimbia. Nilikuwa namfuata yeye. Samweli, mwanawe, na Upendo wangu wamependana tangu mwaka juzi. Samweli alikuja kwangu kwa heshima, akanieleza kwamba baba yake hana neno, ila mama yake bado hajasema. Na Shigela ni mtu ambaye ukimwuliza saa anakwambia kamwulize mama yenu. Bila neno la Paulina, barua ya posa haiandikwi. Upendo alishaanza kukonda, nami nilishaanza kuamka usiku bila sababu. Kwa hiyo nikawa nalipa kiingilio na kukaa nyuma ya Mama Samweli. Wenzangu walitazama filamu, mimi nilitazama kisogo chake.

Neno lenyewe nililipata siku filamu ilipokatika kwa sababu ya umeme. Tulibaki tumekaa gizani, nikajipa moyo.

"Mama Samweli, hawa watoto wetu tunawafanyaje?"

"Upendo ni binti mzuri. Ana adabu. Ila anaigiza."

Ni kweli. Upendo yumo katika kikundi cha Kilosa anachokiongoza dada mmoja anaitwa Raheli. Wanafanya michezo ambayo watu hawazungumzi, wanaimba mwanzo mpaka mwisho, kwa kinanda na ngoma. Jumamosi anakwenda Kilosa mazoezini na kurudi Jumapili.

"Kuimba si kosa," nikasema.

"Sijasema kosa. Nasema hivi: mtu anayeweza kulia akitaka, siku akilia nyumbani kwangu nitajuaje kama kweli nimemkosea?"

Nilitaka kujibu, nikaona si swali la kijinga. Umeme ukarudi.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Upendo. Siku ile ile akampigia Raheli simu. Alikuwa amepewa nafasi ya bibi harusi, ambaye kazi yake kubwa ni kulia. Akasema haitaki tena. Raheli akakasirika, akamwambia nafasi iliyobaki ni moja tu, ya mama mkwe mkali, nayo ya bibi harusi atapewa Doreen. Upendo akakubali. Mimi nikashukuru Mungu. Nilijua mama mkwe mkali halii. Sikufikiria zaidi ya hapo, ingawa kazi yangu nyumbani ni kufikiria mabaya kabla hayajafika.

Mchezo ulionyeshwa Kilosa alasiri moja, kwenye uwanja wa shule, jukwaa la mbao na turubai juu. Tulikwenda wengi kutoka Mikumi. Mama Samweli alikuja na mume wake na wifi zake. Aliponiona alisema kabla sijamsalimu, "Nimekuja kuona mchezo. Sijaja kwa ajili ya mtu."

"Karibu sana, Mama Samweli."

"Mbele kuna nafasi?"

Mbele ilikuwepo. Wakati mwingine natamani isingekuwepo.

Mchezo unaanza na msiba wa babu. Kijana aliyekuwa babu alilala kwenye mkeka, wenzake wakaimba kwa huzuni nzuri kabisa.

"Maiti inapumua," akasema Mama Samweli, na hakunong'ona.

Tofauti ya jukwaa na filamu ni hiyo. Kwenye filamu unaweza kumsema mtu mpaka kesho, hasikii. Yule kijana alisikia. Akabana pumzi. Akabana mpaka tukamwonea huruma, halafu akakohoa, na waombolezaji wakaimba kwa nguvu kumficha.

"Bora angepumua tu," Shigela akasema taratibu.

"Bora angekufa vizuri," mke wake akamjibu. Kisha akaniegemea. "Lakini huku napapenda zaidi kuliko kwa Onesphory. Huku ukimwambia mtu ukweli unamfikia."

Nikaanza kumwomba Mungu, kwa sababu aliyekuwa anafuata ni Upendo.

Alitoka nyuma ya pazia amevaa kitenge, na kilemba kimevutwa mbele. Kabla hajafungua mdomo alivuta kigoda. Akafyonza meno kidogo. Akaweka mkono mmoja kiunoni, wa pili akaunyoosha kama mtu anayepima maziwa, akamtazama Doreen kuanzia miguuni kupanda juu.

Yule pale jukwaani alikuwa Mama Samweli, mzima mzima. Nyumbani nilimsikia Upendo akijifunza nyimbo huku anapika, lakini nilimsikia tu, sikumtazama. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Alitafuta mfano wa mama mkwe akamtumia huyo mmoja aliyekuwa anamwaza usiku na mchana. Lakini hayo utamwelezaje mwenyewe? Watu wa Mikumi walianza kujifunika midomo. Wifi mmoja aliinamisha kichwa magotini, mabega yakitikisika. Kule nyuma Samweli alikuwa anatazama ardhi kana kwamba amedondosha kitu.

Mimi nikageuka kumtazama Mama Samweli. Alikuwa ametulia. Ameinama mbele, anatazama.

Upendo akaimba. Ule wimbo wa mama mkwe si wa matusi. Anamwambia bibi harusi: homa zake nilikesha nazo mimi, wewe umemkuta amepona, jina lake nililiita mimi porini akipotea, wewe unaliita akiwa mezani. Aliimba taratibu, na ngoma ikanyamaza kumpisha. Doreen akaanza kulia sehemu yake, amejifunika uso.

"Maji ya bomba," akasema Mama Samweli. Kisha akampazia Upendo sauti. "Mwambie, mama. Mwambie asikie."

Upendo akarudia ubeti.

"Kwa nini huyu mama wanamwita mkali?" Mama Samweli akaniuliza. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa amekasirika. "Kila filamu mama mkwe mbaya, mama mkwe mbaya. Leo ndiyo nimeona mwenye akili."

Akasimama. Nikamshika nguo, akajinasua. Akapanda zile ngazi za mbao, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfuta Upendo jasho usoni, akamfunga kitenge hicho kiunoni na kukaza fundo. Kumtuza mwimbaji namna hiyo ni jambo la kawaida, kila mtu amewahi kuliona.

Upendo alipomwona mbele yake alisahau mchezo wote. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Inuka," Mama Samweli akamkaripia. "Wewe ni mama mkwe, humpigii mtu magoti. Unauharibu mchezo."

Ndipo wifi zake wakapiga vigelegele. Mwanzoni mmoja, kisha wote, kisha Mikumi nzima. Havikuwa vya kutuza. Mama wa kijana akimfunga binti kitenge chake mwenyewe mbele ya watu, huku kwetu hakuna anayeuliza maana yake: amemchumbia. Shigela alisimama akavua kofia. Mpiga kinanda, ambaye hakujua lolote, akaona watu wamefurahi akaongeza sauti.

Mama Samweli alitazama watu, akamtazama mwanawe kule nyuma, akatazama fundo lake. Nilimwona akielewa. Mkono ulikwenda kidogo kuelekea lile fundo, ukarudi.

"Endeleeni na mchezo," akasema, akashuka. Mpaka mwisho hakumkosoa mtu tena, hata mafuriko ya kwenye mchezo yalipoigizwa kwa shuka la bluu.

Siku iliyofuata alikuja kwangu baada ya maziwa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tangu alfajiri, lakini hakunipa nafasi.

"Mama Upendo, mimi jana nimemtuza mwimbaji."

"Ndiyo, dada yangu."

"Mtu akituza, hajachumbia."

"Kweli kabisa."

"Wifi zangu wanapenda kelele."

"Wanapenda," nikasema. Nikainuka kwenda kukileta kitenge. Kilikuwa kimekunjwa juu ya kitanda cha Upendo. Sikutaka mtoto wangu aolewe kwa bahati mbaya, kwa fundo ambalo mwenyewe hakulikusudia.

"Kaa," akasema. "Unakwenda wapi?"

"Kukuletea kitenge chako."

"Kimeshaingia jasho la mtu, nikivae mimi cha nini?" Akanywa chai niliyommiminia. Nikakaa. "Usiku sikulala. Nilikuwa nawaza, kama Upendo angekuwa hajui ninachokiona mimi, angeimbaje vile? Homa nilizokesha nazo. Hata Shigela hajawahi kuniambia hivyo." Akaweka kikombe chini. "Barua ataandika mdogo wake Shigela, yule mwenye mwandiko. Lakini mwambieni Raheli mafuriko ni marefu, ayakate."

"Nitamwambia."

"Na yule mama, Upendo amemtoa wapi?"

Nikaangalia chai yangu. "Sijui. Labda kwenye filamu."

"Filamu gani? Mimi ningemjua. Nimewahi kumwona mahali, kama ni mtu wa Chanzuru, kule karibu na Kilosa."

Upendo alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Akaitua, akasalimu. Mama Samweli akaitikia, kisha akamwambia asimame katikati ya ua aweke ule mkono kama jana. Upendo akanitazama mimi, mimi nikatazama ndoo. Akauweka.

"Hapo unakosea," Mama Samweli akasema, akainuka, akaweka mkono wake mwenyewe kiunoni na kuunyoosha wa pili. "Mama kama yule hasimami kwa kulegea. Anasimama hivi. Umeona?"

"Hivi, mama?"

"Kidogo zaidi. Na usicheke, mkwe wangu, yule mama hacheki."